Ploti ya Arubaini na Saba, Kudhaa

Miti: sifuri. Udongo: mchanga mtupu wenye chumvi. Watumiaji: hakuna.

Hayo ndiyo yaliyoandikwa juu ya ploti ya arubaini na saba. Niliyasoma mara tatu nikiwa nimesimama, kwa sababu kiti cha pekee katika chumba chetu cha ofisi pale Kismayu kilikuwa kimevunjika mguu, na tangu Ramadhani hakuna aliyejishughulisha kukitengeneza. Ploti ya arubaini na saba iko Kudhaa, kisiwa cha Wabajuni kusini ya Kismayu. Na Kudhaa ndiko nilikozaliwa. Huko nilitolewa nikibebwa mgongoni mwa mama, nikiwa na miezi saba, mwaka wa tisini na moja, watu walipokimbia bunduki, na sikuwahi kurudi. Nimekulia Mombasa, nimesomea misitu hukohuko Kenya, kisha kazi ikanirudisha pwani hii. Lakini hata mtoto wa mgongoni anajua kwamba Kudhaa kuna mikoko. Mama yangu alikufa akiitaja.

Hasira yangu haina ngazi. Watu wengine hupanda kidogo kidogo, wakapumzika katikati, wakafikiri. Mimi nikianza nimeshafika darini. Nimeambiwa hasira hasara tangu nikiwa chuoni kwa mwalimu wa Kurani, na hasara zake nimezila zote, lakini siku ile nasema wazi kwamba nilikuwa na haki.

Kazi yenyewe ni hii. Nchi inahesabu misitu yake. Haiwezi kuhesabu kila mti, kwa hiyo imeikata ramani kwa miraba, na ndani ya kila mraba imetia ploti moja ya duara, mita kumi na mbili kutoka katikati hadi ukingoni. Timu inafika, inapima kila mti uliomo, inachimba udongo mpaka kina cha mita moja, inawauliza wenyeji nani anautumia msitu ule. Baadaye inatumwa timu ya pili, ya ukaguzi, kupima upya ploti moja katika kila kumi, ili ijulikane kama ile ya kwanza ilisema kweli. Timu ya ukaguzi ya upande wetu ni watu wawili: mimi, Wardah, na Fahad, fundi wa udongo, mwanamume wa makamo asiyesema sana. Tunapatana kwa sababu mimi nasema kwa niaba ya wote.

Nilifungua picha ya setilaiti ya mwezi uliopita. Mahali pa ploti palikuwa kijani kilichoiva. Nikaichukua tableti mkononi nikaenda nayo chumba cha pili, kwa Sadiq.

Sadiq ndiye aliyeiongoza timu ya kwanza. Ni mtu wa mjini, mpole wa sauti, shati lake limepigwa pasi hata siku ambazo lami inayeyuka. Nilimwekea picha mbele ya uso.

"Miti sifuri," nikasema. "Hii nini, sukumawiki?"

Hakuiangalia kwa muda mrefu. "Nilipofika mimi palikuwa patupu, Bi Wardah. Kama una shaka nenda kapime. Si ndiyo kazi yako?"

"Nitakwenda. Na nikirudi tutaongea vingine."

"Basi wahi," akasema. "Orodha inafungwa Alhamisi ya wiki ijayo."

Orodha gani, nikamuuliza, naye akanieleza kama anayemweleza mtu njia ya sokoni. Kila ploti yenye miti sifuri na watumiaji sifuri inaingia katika orodha ya ardhi tupu. Orodha ikishafungwa, ardhi hiyo inaweza kupewa anayeiomba. Upande wa Kudhaa ulikuwa tayari na mwombaji, kampuni ya chumvi, iliyotaka kuchimba madimbwi ya kuanikia maji ya bahari kutoka mlango wa mkondo mpaka karibu na visima vya watu. Madimbwi ya chumvi hayachimbwi penye mikoko. Mikoko huondolewa kwanza. Na mikoko ikiondoka Kudhaa, bahari itaingia visimani, na watu waliorudi baada ya kambi za wakimbizi na baada ya Mombasa wataondoka tena, safari hii bila hata kufukuzwa na bunduki.

Nilitoka bila kuaga. Kesho yake mimi na Fahad tulipanda boti ya fiber, na tulipofika Kudhaa nilikuwa nimelowa mpaka kifuani na bado namsema Sadiq.

Aliyetupokea ni shangazi yangu, Bi Mwanalima, dada wa marehemu baba. Alikuwa amerudi kisiwani peke yake zamani, siku aliyoamua kwamba kambi imemchosha, na nilikuwa namjua kwa simu tu. Nikamshika mkono nikaubusu. Ni mwanamke mfupi, mkavu, mwenye miguu mipana ya mtu aliyekanyaga tope maisha yake yote. Alinitazama kutoka kichwani hadi viatuni, na viatu hakuvipenda.

"Umekuya," akasema. "Mwana wa kakangu, wafanana naye mpaka kwa kununa."

Sikulia. Nilikuwa nimejiahidi sitalia mbele ya Fahad, na ahadi nikaitimiza. Akatukalisha barazani, akatupa chai na mkate wa mofa wa moto, na kabla sijamaliza kikombe nikamuuliza nani aliyewaongoza watu wa kwanza waliokuja kupima.

"Mimi. Nani mngine aziyua ndia za mikokoni?"

"Na uliwapeleka wapi?"

"Nilikowapeleka," akasema. Akainuka, akajitanda kanga yake vizuri. "Kunywa chai yako twende, mayi ya bahari yatoka."

Alitupeleka upande wa mashariki wa mkondo, mahali palipokatwa zamani. Kweli palikuwa patupu: visiki vimeoza, mchanga mweupe wa chumvi, kaa wachache wanaokimbia. Nikatazama jipiesi. Kutoka pale tuliposimama mpaka katikati ya ploti ya arubaini na saba kulikuwa na mita mia sita na arubaini, ng'ambo ya mkondo, na ng'ambo ya mkondo ulisimama msitu ambao sijapata kuuona mfano wake tangu nianze kazi hii.

Nikaelewa nusu ya jambo papo hapo. Sadiq alipima hapa akaandika namba za kule. Alisimama penye uwanda, akauhesabu uwanda, kisha akaubandika uwanda wake juu ya msitu wetu, apate kujaza ploti zake na kurudi mjini shati likiwa safi. Nilimtukana kwa Kiswahili, nikaona hakitoshi, nikaongeza Kisomali. Fahad alijifanya anasafisha bomba lake la kuchimbia udongo.

"Haya," nikasema, "tuvuke."

"Hapo haendi mchu," akasema shangazi. Mchu kwa Kibajuni ni mtu.

"Kwa nini?"

"Kuna mabomu. Yalifukiwa zamani za vita. Punda wa marehemu Bakari alilipuka hapo, mguu wake mmoja waliuona juu ya paa la msikiti."

Fahad akaketi juu ya kisiki. Akasema, kwa utulivu kabisa, kwamba yeye ana mabinti wanne na kwamba udongo upo kila mahali. Sikuweza kumlaumu. Katika nchi hii neno hilo halifanyiwi mzaha. Nimeona watu wasio na miguu kuanzia bandarini Kismayu mpaka kambini. Tukarudi nyumbani mikono mitupu. Nilikuwa na siku tano kabla ya Alhamisi.

Nikajilaza juu ya mkeka, nimechoka kwa kukasirika. Macho yakaenda juu, kwenye dari. Nyumba ya shangazi ilikuwa imeezekwa upya. Nikazihesabu boriti: ishirini na mbili, zimenyooka, nene kama paja langu, na maganda mekundu bado yameshika kwenye mafundo. Hazikuwa na hata mwaka. Nilisomeshwa miaka minne kutambua umri wa mti, na hapa hata cheti hakikuhitajika.

"Shangazi," nikasema bila kuinuka, "hizi boriti zimetoka wapi?"

Alikuwa anapeta mchele. Ungo ukasimama.

"Zimenunuliwa."

"Kwa nani? Kismayu boriti za kwenda juu namna hii hazipatikani tena. Nimezitafuta."

"Wardah."

"Zimetoka wapi, shangazi?"

Akaweka ungo chini. "Hakuna bomu," akasema. "Bomu ni mimi."

Akanieleza, na alipokuwa akinieleza sikuona hata chembe ya haya usoni mwake. Miaka kumi na miwili iliyopita walikuja watu wenye misumeno ya mashine, na watu wenye bunduki wa kuwalinda. Upande wa mashariki wa mkondo waliumaliza kwa siku tisa, boriti wakachukua, yaliyobaki wakachoma makaa. Wazee walikwenda kuwasihi wakarudishwa kwa mtutu. Kabla hawajavuka mkondo, punda wa Bakari akafa kwa uzee wake. Wanawake wa Kudhaa wakamkokota alfajiri mpaka ukingo wa msitu, wakamchoma kwa mafuta ya taa, wakamtawanya, shangazi yangu akiwa na shoka mkononi, na mguu mmoja wakautupa juu ya paa la msikiti bila kumwambia imamu. Kisha wakaanza kulia. Wenye misumeno waliposikia habari za mabomu wakapakia vyao. Tangu siku hiyo kila anayekuja anaambiwa neno lile lile, na kisiwa kizima, mpaka watoto, kinajua kulisema. Wenyewe wanaingia kwa zamu, wanakata mti mmoja hapa na mmoja kule, hawakati miwili iliyogusana mizizi, na wanapaka tope juu ya kisiki kisionekane.

"Na Sadiq?"

"Nilimwambia mabomu. Akasema lazima apime mahali, ndiyo kazi yake. Nikampa pale palipokufa apime aende zake."

"Na alipokuuliza nani anautumia msitu?"

"Nikamwambia hakuna mchu." Akanitazama kama mimi ndiye mjinga. "Ungetaka nimwambie twautumia? Akaandike? Mchu wa kalamu hutangulia, wa msumeno humfuata nyuma. Sisi tumeyaona."

Hapo nilisimama. Namwambia msomaji kweli, nilimpigia shangazi yangu kelele ndani ya nyumba yake, mimi niliyelelewa kwa adabu ya Kibajuni. Nilimwambia ametufuta. Nilimwambia kwamba karatasini Kudhaa sasa ni mchanga usio na mwenyewe, kwamba kuna kampuni inaungoja mchanga huo, kwamba Alhamisi orodha ikifungwa yeye na shoka lake na punda wake hawataweza kitu. Nilimwambia mficha maradhi kilio kitamfichua, na kilio ni wiki ijayo.

Akauokota ungo, akauweka tena chini.  Akauliza, "Chumvi? Mpaka visimani?"

"Mpaka visimani."

Akainuka, akatoka, hata kanga hakuifunga vizuri. Tulimfuata, Fahad nyuma kabisa. Alivuka mkondo maji yakimfika magotini, akaingia katikati ya mikoko akikanyaga kwa vishindo makusudi, mguu mmoja baada ya mwingine, akigeuka kumtazama Fahad kila hatua. "Mwaona?" akasema. "Mwaona? Bado sijaruka." Fahad akamwomba amsamehe, akavua viatu, akaingia.

Tulipima siku mbili, maji makuu ya bamvua yakitupa saa chache tu kila yalipotoka. Ndani ya duara lile kulikuwa na miti mia moja na kumi na minane. Mkoko haupimwi kifuani kama mti wa bara, unapimwa kuanzia mzizi wake wa juu kabisa, na mizizi mingine ilinipita kimo, hata ikabidi nipande juu yake na utepe mdomoni, shangazi akinishika kiuno na kunisimanga kwa uzito wangu. Fahad alisukuma bomba lake kwenye tope likaenda mita moja bila kugusa mchanga. Akaunganisha kipande cha pili, likaenda nusu mita nyingine na bado. Aliutoa udongo mweusi, mzito, unaonuka yai, akaulaza juu ya ubao na kuukata vipande kwa kisu kama anakata halua. Miaka mingapi, nikamuuliza. Akasema mia kadhaa, labda zaidi, jani juu ya jani. Kisha akasema jambo ambalo sikutegemea kutoka kwake.

"Nimechimba pwani yote hii," akasema. "Huu ndio udongo bora niliowahi kuushika."

Niliandika kila kitu kwa mkono wangu. Kwenye watumiaji nikaandika watu wa Kudhaa, nyumba sitini na moja, boriti, kuni, kaa, ulinzi wa visima. Ilikuwa kazi safi kuliko zote nilizofanya, na hasira zangu zilikuwa zimelala. Niliamini nimeuokoa.

Jumatano asubuhi nilikuwa Kismayu, mlangoni kwa Sadiq, nimeshika tableti kama mtu aliyeshika hati ya talaka. Nilimweleza nilichokikuta. Nilimwambia njia ya mwongo ni fupi na yake imeishia hapa, kwamba aliandika namba za mahali ambapo mguu wake haukufika, na kwamba nitalisema mbele ya mkuu wa ofisi na mbele ya yeyote mwenye masikio.

Hakubisha, na hilo lilinipokonya nusu ya hotuba yangu.

"Ni kweli," akasema. "Niliogopa mabomu, na niliogopa kurudi na ploti pungufu. Nishitaki." Akavuta kompyuta yake. "Lakini kabla hujabonyeza, njoo utazame ploti ya thelathini na tisa."

Ploti ya thelathini na tisa naijua. Ni hori moja, mkono wa bahari, kusini ya mji, na timu ya kwanza ilikuwa imeiandika msitu mwembamba. Mimi na Fahad tuliikagua miezi mitatu nyuma, tukakuta miti minene, nikasahihisha kwa fahari. Sadiq akanionyesha picha ya siku ile: kijani. Kisha ya juzi. Hori lilikuwa limenyolewa. Hata mizizi walikuwa wameichimba.

"Ramani ni ya umma," akasema. "Tunaitoa kila mwisho wa mwezi, msitu mnene kwa kijani iliyokoza. Unajua nani huifungua kwanza? Wakata boriti. Walikwenda hori lile na karatasi mkononi, imechapishwa kwa rangi. Chini ya ramani pana jina la mkaguzi." Hakulitaja. Lilikuwa langu.

Nataka nieleze nilivyohisi na sijui kama nitaweza. Nilitaka kumpiga Sadiq, kwa sababu alikuwepo. Nilitaka kuipiga ile kompyuta. Miezi mitatu nilikuwa nimelala usingizi mzuri kwa ajili ya hori lile. Ukweli wangu ulikuwa umeingia mle na msumeno, na nani wa kuwazuia? Hatuna askari wa misitu hata mmoja kuanzia Kismayu mpaka mpakani. Tuna watu wa kuhesabu tu. Serikali isiyoweza kulinda mti mmoja imetutuma tukaitangazie dunia miti mizuri iko wapi.

"Mpigie shangazi yako," akasema Sadiq. "Ni yeye atakayekuwa huko."

Nilitoka uani nikampigia. Kudhaa mtandao unashika mahali pamoja, ukutani mwa msikiti, na ilibidi nimngoje aitwe. Nikamweleza yote mawili: nikiandika kweli, chumvi haiji lakini ramani itawaita wenye misumeno, na watajua pia kwamba mabomu yalikuwa maneno. Nisipoandika, chumvi inakuja.

"Ukiandika kweli," akauliza, "nani atailinda kweli yako?"

 Nilikuwa na cheti, utepe na boti ya kuazima.

"Basi wafanyani kuniuliza mimi? Mimi sikusoma." Sauti yake haikuwa na ukali, na ningependelea ukali. "Wewe ndiwe mchu wa kalamu, Wardah. Kalamu iko mkononi mwako."

Nilirudi ndani nikakaa sakafuni na kitabu cha taratibu zetu, kurasa mia mbili na nne. Nilikuwa naujua ule ukurasa ninaoutafuta lakini nilitaka kuuona kwa macho. Namba tisa: ploti isiyofikika kwa sababu ya hatari. Ploti ya namba tisa haipimwi. Haihesabiwi kuwa tupu wala kuwa na msitu. Kwenye ramani hupakwa kijivu, na ardhi ya kijivu haiingii katika orodha yoyote, maana hakuna kampuni inayoomba ardhi yenye mabomu wala mkata boriti anayeiendea. Taarifa hupelekwa kwa wategua mabomu, ambao nao wana foleni ya miaka.

Hapo ndipo niliposhikwa na kicheko kibaya. Sadiq aliambiwa kuna mabomu. Kama angeuandika uongo wa shangazi yangu kwa uaminifu, jinsi alivyoambiwa, namba tisa, basi, tusingefika hapa hata kidogo. Mwongo wa kijiji alifanya kazi yake vizuri. Mwongo wa ofisini ndiye aliyeharibu.

"Namba tisa," nikamwambia Sadiq.

Alielewa mara moja. "Lakini ukitia namba tisa, vipimo vyako vinafutika. Mfumo haukubali vyote viwili."

"Najua."

"Vyote, Bi Wardah. Miti, udongo, na watumiaji."

"Nimesema najua, Sadiq. Usinionee huruma, nitakutapikia."

Nilimwita Fahad nikamwambia.  Akaenda kwenye friji, akaitoa mifuko ya udongo mmoja mmoja, akabandua lebo, akaenda kuumwaga uani.  Mara ya kwanza tangu nimjue nilitamani aseme neno.

Nikabonyeza. Tableti ikauliza kama nina hakika, nikakubali, ikauliza tena. Miti mia moja na kumi na minane ikaondoka kwa kupepesa jicho. Katika kitabu cha nchi, kitakachosomwa na watu wa mbali watakaotaka kujua Kudhaa kuna nini, patakuwa na kistari kifupi. Watu wa nyumba sitini na moja wamo ndani ya kistari hicho, na shangazi yangu, na mimi. Nilikuwa na hasira kiasi kwamba meno yaliniuma, na hasira hiyo haikuwa na wa kumpiga, kwani kila niliyemtazama, Sadiq, shangazi, mimi mwenyewe kwenye kioo cha tableti, alikuwa amesema uongo kwa sababu ukweli hauna pa kulala katika nchi hii.

Fomu ya namba tisa ni ya karatasi, na ni fupi. Inauliza aina ya hatari, nikaandika: mabomu ya kufukiwa, kwa maelezo ya wenyeji. Inauliza tarehe. Chini kabisa pana sentensi moja iliyokwisha kuchapishwa, na baada yake mstari wa mkaguzi: Nathibitisha kwamba sikufika mahali hapa.

Miaka thelathini na minne niliingoja siku ya kufika mahali pale. Nikatia sahihi.